Mahekalu Jirani na Uwanja wa Taifa wa Tokyo

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Tanzania alipoingia katika Uwanja wa Taifa wa Tokyo akifukuzana katika marathoni na Mjerumani Amanal Petros, akamtangulia kwenye utepe kwa tofauti isiyofikia hata sehemu ya kumi ya sekunde, na hivyo akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, jina la uwanja ule lilitajwa kwa furaha katika nyumba nyingi za Waswahili. Na watu wa makamo walikumbushana kwamba papo hapo, mwaka 1964, katika uwanja uliotangulia huu, Wilson Kiprugut aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, ile ya shaba, katika mbio za mita 800. Hata hivyo naona ni hasara kubwa mtu kusafiri mpaka Tokyo, akatazama mbio au kandanda, kisha akarejea stesheni kwa njia ile ile aliyojia, ilhali kwa mwendo mfupi wa miguu angefikia mahekalu na athari za zamani ambazo zingemjulisha mengi juu ya Wajapani kuliko yote aliyoyaona akiwa kitini.

Na aanzie uwanjani penyewe. Jengo la sasa, lililobuniwa na msanifu Kengo Kuma na kukamilika mwaka 2019, limezungushiwa vipenu vya mbao, safu juu ya safu, kwa kufuata mfano wa mapaa ya majengo ya kale, na mbao zenyewe zilitolewa katika mikoa yote 47 ya Japani. Lakini ardhi iliyo chini yake imebeba huzuni: tarehe 21 Oktoba 1943, katika uwanja wa kwanza uliojengwa mahali hapo mwaka 1924, maelfu ya wanafunzi wa vyuo, waliokatizwa masomo yao ili watiwe jeshini, waliandamana kwenye mvua na bunduki mabegani, wakaagwa kwa hotuba na nyimbo, na wengi miongoni mwao hawakurudi makwao. Jiwe la kuwakumbuka limesimamishwa hapo, nami naona si adabu kulipita bila ya kusita.

Kutoka hapo, kwa mwendo wa dakika chache kuelekea magharibi, mzuru hufika Hatomori Hachiman, hekalu la dini ya Shinto katika mtaa wa Sendagaya, ambalo ndani ya ua wake mna mlima. Ni mlima kweli, ingawa urefu wake ni mita chache tu. Ulijengwa kwa udongo na mawe mwaka 1789, ukatengenezwa upya baada ya zilizala ya mwaka 1923, na juu yake yamewekwa mawe ya volkano ya Fuji. Madhumuni yake yalikuwa kuwafaa waumini wa Fuji wasioweza kuuendea mlima wenyewe, kama vile wazee, wagonjwa, mafukara wasio na masurufu ya safari, na wanawake, ambao kabla ya mwaka 1872 walikatazwa kabisa kufika kileleni. Hata leo kila atakaye hupanda vidaraja vyake, akafika juu kabla ya pumzi kumwishia.

Mgeni asiyekuwa wa dini hiyo hazuiliwi kuingia, bali hutakiwa kushika adabu. Langoni huinama kidogo. Penye birika la maji huosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha akasukutua kinywa kwa maji aliyoyakinga kiganjani. Na mbele ya jengo la ibada hutupa sarafu sandukuni, akainama mara mbili, akapiga makofi mara mbili, akainama tena mara moja. Kwenye mahekalu ya Kibudha makofi hayapigwi. Watu huunganisha viganja na kunyamaza. Mojawapo ya hayo, Senjuin, liko karibu na uwanja, na makaburi yake yapo juu ya njia ya chini ya ardhi iliyochimbwa kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 1964, hivyo magari hupita chini ya wafu mchana na usiku.

Upande wa mashariki ipo nyumba ya picha iliyokamilika mwaka 1926, mahali ilipofanyika ibada ya mazishi ya Kaizari Meiji mwaka 1912, yenye picha 80 za maisha yake na ya mkewe Shoken. Mwenye haraka aweza kuiacha.

Asichoweza kuacha ni Meiji Jingu, hekalu kubwa lililowekwa wakfu kwa watu hao wawili mwaka 1920, upande wa magharibi. Aingiaye chini ya miti ile huamini kwamba amekuta mwitu wa tangu dahari, kumbe kabla yake palikuwa na mashamba, nyasi na vinamasi. Miti ipatayo 100,000 ililetwa kwa hiba kutoka pande zote za nchi, na vijana zaidi ya 100,000 wakajitolea kuipanda. Waziri Mkuu Okuma Shigenobu alitaka pawe na mierezi mirefu kama ya Nikko, lakini mtaalamu wa misitu Honda Seiroku na wenziwe walishikilia kwamba mierezi haitastahimili udongo ule wala moshi wa mji, wakachagua mialoni ya kijani kibichi na mikafuri, wakaitanguliza misonobari iwe kivuli mpaka miti ile itakapokua na kuishinda, na wakaazimia kwamba baada ya miaka ipatayo 100 msitu ujizae wenyewe bila ya kupandiwa. Majani yanayofagiliwa njiani hayachomwi wala hayatupwi, bali hurudishwa chini ya miti. Majengo ya ibada yaliteketea kwa mabomu mwaka 1945, yakajengwa tena mwaka 1958. Msitu ulisalimika, na sijui kazi nyingine ya mikono ya watu, katika mji mkubwa kama huo, iliyofanywa kwa subira kuliko hii na watu waliojua kwamba hawataiona ikikamilika.

Kuingia hekaluni hakutozwi kitu, ingawa bustani ya ndani hulipiwa. Milango hufunguliwa jua linapochomoza na hufungwa linapotua. Kwa hiyo mwenye tikiti ya mchezo wa jioni na atangulie hekaluni, kwa kuwa akitoka uwanjani usiku atakuta pamefungwa.