Siri ya Lusina: Funzo kutoka Tumboni mwa Mbuzi

Lusina ni mti unaofahamika kwa wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa nchini Tanzania. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na majani yake yana protini nyingi, takribani robo ya uzito wake yakikaushwa. Hata hivyo, majani hayo yana sumu iitwayo mimosini. Punda au sungura akilishwa lusina kwa wingi hunyonyoka manyoya na kudhoofika. Kwa wanyama wanaocheua, vijidudu vya tumbo la kwanza huigeuza mimosini kuwa kemikali nyingine, ambayo kwa kifupi huitwa DHP. Kemikali hiyo huvuruga kazi ya tezi ya shingo. Mnyama akapata rovu, akakosa hamu ya kula na kukonda ilhali hori limejaa malisho.

Tatizo hilo liliwasumbua wafugaji wa Queensland, Australia, na ndilo lililomshughulisha Raymond Jones, mtafiti wa malisho katika CSIRO, shirika la utafiti wa kisayansi la nchi hiyo. Jones alibaini kwamba katika visiwa vya Hawaii mbuzi walikula lusina kwa wingi bila kuonyesha dalili za sumu. Mti ni uleule na mnyama ni yuleyule. Tofauti ilikuwa wapi? Mwaka 1981 alichapisha hoja kwamba huenda tofauti imo tumboni: mifugo wa Hawaii walikuwa na vijidudu vinavyoivunja DHP, na wale wa Australia hawakuwa navyo.

Hoja hiyo ilijaribiwa. Vijidudu kutoka tumboni mwa mbuzi wa Hawaii vilipelekwa Australia na kutiwa katika matumbo ya mifugo wa huko. Wanyama waliovipokea wakaweza kuivunja DHP na kula lusina bila kudhurika. Zaidi ya hayo, vijidudu hivyo vilienea vyenyewe kutoka mnyama mmoja hadi mwingine kundini. Mwaka 1992 Milton Allison na wenzake nchini Marekani walimpa bakteria mmoja aliyetoka kwa mbuzi wa Hawaii jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa bakteria huyo yupo katika mifugo wa nchi nyingi, na kwamba ini la mnyama nalo huchangia kuipunguza makali sumu hiyo.

Habari hii ya mbuzi inatuhusu sisi pia. Utumbo wetu mpana una bakteria wengi wanaosaidia kusaga nyuzinyuzi za vyakula, kutengeneza vitamini K na kuwanyima nafasi vijidudu waletao maradhi. Dawa ya antibayotiki haichagui: huua bakteria wa ugonjwa pamoja na hao wenye manufaa. Nafasi ikibaki wazi, bakteria aitwaye Clostridioides difficile anaweza kuitwaa na kusababisha kuhara kukali, wakati mwingine hadi kifo.

Kwa wagonjwa ambao maradhi hayo huwarudia, madaktari wamefanya jambo linalofanana na lile la Jones. Katika jaribio lililofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2013, wagonjwa 16 walipewa kimiminika kilichotayarishwa kutokana na kinyesi cha watu wenye afya. 13 walipona baada ya kupewa mara moja. Kati ya 13 waliotibiwa kwa vancomycin peke yake, walipona 4. Tiba hii ina hatari zake. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepewa kinyesi chenye bakteria sugu kwa dawa. Kwa hiyo hutolewa na wataalamu tu, baada ya mtoaji kupimwa kwa makini, na kamwe isijaribiwe nyumbani.

Mfugaji asifanye lusina kuwa zaidi ya theluthi moja ya chakula cha ng'ombe au mbuzi, bali aichanganye na majani mengine, na aianzishe kidogo kidogo ili vijidudu vya tumboni vipate muda wa kuzoea. Mgonjwa naye asinunue antibayotiki dukani kwa ajili ya mafua, wala asimeze zile zilizobaki kwa jirani. Akianza kuhara wakati anapotumia dawa hizo, au wiki chache baada ya kuzimaliza, aende kituo cha afya, ataje dawa aliyotumia, na asinywe dawa ya kuzuia kuhara kabla ya kupata ushauri. Mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa wa kuhara na aulize mapema: umetumia antibayotiki gani katika miezi mitatu iliyopita?