Fahamu: Wawili walioandika ndoa za Mombasa

Margaret Strobel ni mwanahistoria Mmarekani; kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kilitoka 1979. Mwaka huohuo Sarah Mirza, mtaalamu wa Kiswahili, alitoa na Thomas Hinnebusch kitabu cha kufundishia lugha hii. Mwaka 1989 wanawake hao wawili wakachapisha pamoja masimulizi ya maisha ya bibi watatu wa Mombasa, na 1991 yakatoka kwa Kiswahili: Wanawake Watatu wa Kiswahili. Humo harusi, talaka na lelemama, ngoma ya wanawake, vinasimuliwa na waliovipitia wenyewe, si na waume wala makadhi. Hilo ndilo ninalolithamini zaidi. Kigwena na Rumonge, nchini Burundi, nako Kiswahili kinasemwa, na bibi wenye ya kusimulia wapo. Wajukuu, waulizeni, mwandike.