Kuzungusha Matini katika Programu za Tarakilishi

Mwanaisimu anayechunguza ngeli za Kiswahili aghalabu huishia kuwa na takwimu nyingi. Ili zisomeke kwa wepesi, huziwasilisha kwa grafu: mhimili mlalo hubeba majina ya ngeli, nao mhimili wima hubeba idadi. Tatizo huzuka anapotaka kuutambulisha mhimili wima. Kauli kama "Idadi ya nomino katika matini" huweza kuchukua pikseli 180. Katika dirisha lenye upana wa pikseli 400, kauli hiyo ikiandikwa kwa mlalo itameza karibu nusu ya upana wote. Hapo mwandishi wa programu hushawishika kuifupisha iwe "Id. nom.", au kuitupa na kutia neno fupi la Kiingereza mahali pake. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hakuna haja ya kuikatakata lugha ili itoshee kiwambo. Inatosha kuizungusha kauli kwa nyuzi 90, isomwe kutoka chini kwenda juu. Mfano wetu tutautoa katika lugha ya Java, ambayo tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998 imekuwa na zana za uchoraji ziitwazo Java 2D.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mwandishi wa programu hazungushi herufi mojamoja. Anachozungusha ni uga wa kuchorea, yaani mihimili ambayo tarakilishi hutumia kupimia mahali pa kila kitu. Mchoraji wa mabango anayetaka kuandika kwenye ukingo wa karatasi hufanya vivyo hivyo: huigeuza karatasi, akaandika kama kawaida, kisha akairudisha ilivyokuwa.

Mihimili hii ina kawaida zake. Katika hesabu za darasani, mhimili wima hukua kuelekea juu. Kwenye kiwambo, sufuri iko katika pembe ya juu kushoto na mhimili wima hukua kuelekea chini. Kwa sababu hiyo, kipimo chanya cha mzunguko hufuata mwelekeo wa akrabu za saa. Sisi twataka kinyume chake, hivyo kipimo chetu sharti kiwe hasi. Isitoshe, Java hupima kwa radiani wala si kwa nyuzi. Nyuzi 90 ni pai gawanya kwa 2, yaani takriban 1.5708. Atakayeandika 90 tupu atauzungusha uga mara 14 kamili na nyuzi 117 hivi juu yake, kisha ashangae kuona maandishi yake yamepinduka.

Jambo la pili ni mfuatano wa amri. Tuseme mhimili wima wa grafu yetu unaanzia pikseli 50 hadi pikseli 350 kutoka juu, na twataka kauli ikae katikati yake, pikseli 30 kutoka kushoto. Kwanza tunahamisha sufuri hadi (30, 200) kwa amri ya translate. Pili tunazungusha kwa amri ya rotate. Tatu tunaandika kwa amri ya drawString tukianzia (-90, 0), kwa kuwa 90 ni nusu ya urefu wa kauli. Matokeo yake, kauli itaanzia pikseli 290 na kukomea pikseli 110, katikati barabara. Je, tukizungusha kabla ya kuhamisha? Mhimili mlalo utakuwa umekwisha kuelekea juu, na wima kuelekea kulia. Hivyo basi, sufuri itahamia pikseli 200 kulia na pikseli 30 juu ya ukingo wa dirisha. Sehemu kubwa ya kauli haitaonekana, na tarakilishi haitatoa onyo lolote kwa kuwa kila amri ni halali.

Tatu, mpanda ngazi hushuka. Uga uliozungushwa hubaki hivyo hadi urudishwe, na vitu vitakavyochorwa baadaye, hata vitufe vilivyomo dirishani, huweza kuchorwa kombo. Njia salama ni kutengeneza nakala ya kalamu ya kuchorea kwa amri ya create, kufanyia mzunguko kwenye nakala hiyo, kisha kuitupa kwa amri ya dispose. Kalamu asilia haitakuwa imeguswa.

Mwisho, herufi zilizoinamishwa, hasa kwa pembe kama nyuzi 45, huonyesha kingo zenye vijingazi, kwa maana pikseli zimepangwa kwa safu zilizonyooka. Java huruhusu kingo hizo zilainishwe kwa kutiwa rangi za kati, na yafaa ulainishaji huo uwashwe kabla ya kuandika.

Maneno ya Kiswahili hurefuka kwa kuambatisha viambishi, na hiyo ndiyo hulka yake. Programu iliyoundwa kwa kuyazingatia maneno mafupi ya lugha nyingine itatubana daima tusipoijua namna ya kuigeuza. Ni wajibu wetu wanagenzi wa lugha hii kuzifahamu amri hizi chache, ili takwimu za Kiswahili zielezwe kwa Kiswahili kamili, bila kufupishwa wala kuazima.