Nyumba ya Ndoa Si ya Mtu Mmoja (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza fomu ya PF3 na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Leo tuchukue swali ambalo mama aliyepigwa hujiuliza kabla hata hajafuta damu: usiku huu nitalala wapi na watoto?

Dodoma, Bahi, Mpwapwa, jibu la kwanza huwa "kwao". Lakini kwao kuna ng'ombe wa mahari ambao kaka yake ameshawaolea, na kukikucha wazee humsindikiza kurudi kwa mumewe, wakimwambia avumilie. Akitafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo. Anarudi, na si kwa kupenda kipigo.

Ndiyo maana natamani kila mwanamke aijue Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hata mila ikiruhusu, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kifungu cha 59 kinamkataza mwenye nyumba ya ndoa kuiuza, kuigawa, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na mwenzake anaweza kuiwekea zuio. Iwe ya bati mjini, iwe tembe la udongo kijijini. Hati kuandikwa jina la mume peke yake hakufuti ulinzi huo.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu. Mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha, naye Bi Hawa akazitumia. Hoja yake, hata hivyo, imewasaidia wengi waliomfuata.

Pengo liko kwenye usiku wenyewe. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 inayomwezesha hakimu kumwamuru mpigaji aondoke, hata kama nyumba ni yake. Sisi hatuna sheria mahususi ya namna hiyo, na naamini tunaihitaji kuliko tunavyohitaji semina nyingine.

Kwa sasa, mama, nakala ya cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto na akiba kidogo viweke kwa jirani unayemwamini. Balozi wa nyumba kumi ajue kinachoendelea mapema.

Wiki ijayo: walioishi pamoja miaka 2 na zaidi bila kufunga ndoa, na kifungu cha 160.