Vipaji Visivyopimwa kwa Penseli

Tanzania Bara ina shule saba za sekondari za serikali zinazopokea wanafunzi wa vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Kodi ya mama muuza maandazi wa Manzese inalipia mabweni yake, maabara zake na maharage yake, wala sijapata kusikia mtu akilalamika kwamba mtoto wa Ilboru anapendelewa kuliko mwenzake wa shule ya kata. Hilo tulikwisha kukubaliana: taifa linaweza kuwateua watoto wachache, likawakusanya mahali pamoja na kuwagharimia zaidi ya wengine, kwa matumaini kwamba faida itarudi kwa wote.

Njia ya kuwapata ni mtihani wa darasa la saba, ambao kwa sehemu kubwa mtahiniwa huujibu kwa kuweka kivuli kwenye herufi, kwa penseli. Ni njia ya haki kwa kadiri ya uwezo wake. Mashine haina mjomba. Lakini mtoto anayesikia wimbo mara moja akaurudia, na juu yake akaongeza sauti ya pili aliyoitunga mwenyewe, hana herufi ya kuwekea kivuli. Huyo atakwenda atakakopangiwa, na kipaji chake atakionyesha siku ya mahafali, kati ya hotuba ya mgeni rasmi na chakula cha mgeni rasmi.

Akademia ya sanaa ya watoto, inayolipiwa na serikali, ingeziba pengo hilo. Wanaoipinga huanza na madawati: shule hazina madawati, zahanati hazina dawa, na nyinyi mnataka fidla. Ni hoja nzito, ila sijaona ikitumiwa dhidi ya maabara ya Mzumbe. Wengine husema ni jambo la kuiga, la Wazungu. Hao inafaa wavuke maji waende Unguja.

Masimulizi ya taarab huanzia kwa Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Inasimuliwa kwamba baada ya kunogewa na muziki wa Misri, alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga ala ya nyuzi iitwayo kanuni, na aliporudi akaunda kikundi cha kasri. Ukiondoa majoho na vilemba, huo ulikuwa ufadhili wa masomo ya sanaa kutoka hazina ya dola: mwanafunzi mmoja, ala moja, mwajiri mmoja. Muziki ule haukubaki kasrini. Watu wa mjini waliupokea, na mwaka 1905 wakaanzisha Nadi Ikhwan Safaa, klabu ambayo ipo hadi leo. Kwa uwekezaji wa serikali, si mavuno mabaya.

Kisiwa hichohicho kinatupa na mfano wa upande wa pili. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi, akawa akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti yake. Hakupelekwa na mtu Cairo. Alipohamia mjini, mwanamuziki mmoja, Ali Muhsin, aliisikia sauti ile, akamfunza kuimba na ala. Mwaka 1928 Siti alikuwa Bombay akirekodi santuri. Habari zake husimuliwa kama ushahidi kwamba kipaji hakifichiki. Mimi naona zinathibitisha kinyume chake. Kilichomtoa ni mtu mmoja, mwenye sikio na mwenye subira, kukutana naye wakati unaofaa. Wanawake wengine waliouza vyungu njia ileile, wenye sauti nzuri au nzuri zaidi, hatuna majina yao.

Baada ya uhuru serikali haikukaa kimya. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni Desemba 1962, likafuata kundi la taifa la ngoma, na vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni wakala wa serikali uitwao TaSUBa. Usisahau pia Polisi Jazz, bendi za JKT na za jeshi, na NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi: kwa miaka mingi tarumbeta nyingi nchini zilikuwa mali ya taasisi za umma, na aliyezipuliza alilipwa mshahara. Kwa hiyo umma kulipia sanaa hapa kwetu si jambo la kubuni leo.

Tatizo la Bagamoyo ni umri. Wanafunzi wa TaSUBa huingia baada ya kumaliza kidato cha nne. Kwa uigizaji, uchoraji au ufundi wa jukwaa, umri huo unafaa. Kwa ala ni habari nyingine. Itazame kanuni. Ina nyuzi zinazokaribia themanini, tatu tatu kwa kila sauti. Kabla ya kupiga lolote, mpigaji huinama akakaza nyuzi kwa ufunguo mdogo, moja baada ya moja, akisikiliza mpaka zile tatu zitoe sauti moja isiyotetemeka. Hali ya hewa ikibadilika, anarudia. Aliyeanza kazi hiyo akiwa na miaka tisa huifanya huku akipiga soga na wenzake. Aliyeanza akiwa na miaka kumi na tisa huifanya kwa jasho, na wakati huo wote muziki haujaanza.

Na kuna kejeli moja hapo Bagamoyo. Mwalimu wake mashuhuri kuliko wote pengine ni hayati Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyelelewa ndani ya muziki wa ilimba na zeze tangu utotoni, akaja kujaza kumbi za Ulaya. Watoto wa Kigogo hawangoji cheti. Mtoto wa kike huanza kuijua ngoma ya muheme akiwa ameketi karibu na mama yake anayeipiga. Ugogo umekuwa na akademia ya watoto siku zote, isipokuwa haina mhasibu. Zawose kijana, angetokea leo na ilimba yake mkononi, angeombwa kwanza matokeo ya kidato cha nne.

Nchi iliyolifanya jambo hili kwa ukubwa ambao tunaweza kujifunza kutokana nao ni Cuba, na somo lake zuri limo katika yaliyoharibika. Mwaka 1961 Fidel Castro na Che Guevara walikwenda kwenye klabu ya gofu ya matajiri pembezoni mwa Havana, wakacheza gofu, kisha wakaamua kwamba viwanja vile vijengwe shule za sanaa za taifa. Wasanifu watatu, Ricardo Porro, Vittorio Garatti na Roberto Gottardi, walichora majengo ya matao ya matofali, kwa kuwa saruji na chuma vilikuwa adimu. Wanaojua usanifu wanayahesabu miongoni mwa majengo bora ya karne ile. Mwaka 1965 ujenzi ukasimamishwa kabla haujaisha. Shule ya ballet, iliyokaribia kukamilika, haikutumiwa na wachezaji wa ballet. Msitu ukaingia ndani.

Lakini mafunzo hayakusimama. Huko mikoani zilikuwepo shule za ngazi ya msingi ambako mtoto alisoma hesabu na lugha na kufanya mazoezi ya piano, fidla au ballet katika shule hiyohiyo, kisha aliyefaulu akapanda ngazi ya kati na, kuanzia 1976, chuo kikuu cha sanaa. Carlos Acosta alikuwa mtoto wa kumi na moja wa dereva wa lori. Baba yake alimwingiza shule ya ballet ili kumtoa mtaani, na chakula cha bure hakikuwa sababu ndogo. Yeye alitaka mpira. Akatoroka vipindi, akafukuzwa, akapelekwa shule nyingine ya bweni katika mkoa wa Pinar del Río. Mwaka 1990 alishinda medali ya dhahabu kwenye mashindano ya Lausanne, Uswisi, na mwaka 1998 akajiunga na Royal Ballet ya London. Hesabu mara ambazo mfumo ule ungeweza kumtupa. Palikuwa na shule ya pili ya kumpeleka, na hiyo ndiyo siri kubwa kuliko matao yote ya Havana.

Kwa wanaoogopa harufu ya ujamaa, upo mfano wa North Carolina, Marekani. Mwaka 1963 gavana Terry Sanford alipeleka bungeni sheria ya kuanzisha shule ya sanaa ya jimbo, ya kwanza ya aina yake nchini humo, na waheshimiwa wakaikejeli kwamba ni mswada wa kucheza kwa ncha za vidole vya miguu. Ulipita. Wakazi wa Winston-Salem wakapiga simu nyumba hadi nyumba kwa muda wa siku mbili wakachanga karibu dola 900,000 ili shule iwe kwao, na mwaka 1965 ikafunguliwa. Mwanafunzi wa sekondari aliye mkazi wa jimbo hilo, akifaulu usaili, halipi ada. Hakuna anayeikejeli tena.

Sasa turudi nyumbani, kwenye namna ambayo sisi tungeiharibu. Tungeanza na jiwe la msingi. Bagamoyo yenyewe ilishayapitia hayo: ukumbi wa makuti wa chuo uliteketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukajengwa mwingine mkubwa kwa msaada wa nchi za Skandinavia, na tangu hapo kazi imekuwa kuutunza. Wafadhili wanapenda kuta kwa sababu kuta zinapigika picha. Nyuzi za kanuni hukatika, na hakuna mgeni rasmi aliyewahi kualikwa kuzindua nyuzi. Zanzibar, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimefundisha vijana taarab tangu 2002 bila kuwa cha serikali, na mwaka 2019 kilitangaza kwamba kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Walimu walikuwepo, wanafunzi walikuwepo, jengo maarufu la Mji Mkongwe lilikuwepo. Kilichokosekana ni fedha ya kawaida ya kila mwezi, ile isiyo na utepe wa kukata. Tunao Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, lakini unakopesha, na mtoto wa miaka kumi hakopesheki.

Pili, tungekwama kwa walimu. Walimu wenye vyeti tunao. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimefundisha walimu wa muziki, sanaa na michezo kwa miongo, na si ajabu kumkuta mmoja wao akifundisha Uraia. Ila bingwa wa zeze wa Chamwino hana shahada. Mfumo wa ajira za serikali unamwomba namba ya cheti, na miaka arobaini ya kupiga zeze haina mahali pa kujazwa. Bila kibali maalumu cha kumwajiri mtu huyo kwa mkataba, na kwa mshahara usiomwaibisha, akademia itafundisha muziki wa Mgogo kwa picha za ubaoni.

Tatu, wangeingia watoto wa Masaki na Mikocheni. Usaili ukifanyika Dar es Salaam, atakayefaulu ni yule ambaye mzazi wake ameshalipia piano tangu chekechea. Dawa ipo, tena haihitaji ofisi mpya. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, hushuka mpaka ngazi ya chini na kupanda hadi taifa, na kwaya na ngoma zimo. Wapelekwe huko wasikilizaji wanaojua kazi, wasikilize mtoto mmoja mmoja badala ya kwaya yenye sare nzuri kuliko nyingine. Aliyezoezwa na asiyezoezwa wasipimwe kwa mizani moja. Anayetafutwa ni yule anayejifunza haraka mbele ya macho yako.

Kuna hofu ya nne, na sidhani ina dawa kamili. Serikali inayolipa hupenda kutumbuizwa. Tunajua kuwakusanya mamia ya watoto kwa halaiki, wakafanya mazoezi kwa wiki nyingi kwa ajili ya asubuhi moja ya sherehe, na wakaifanya vizuri sana. Akademia iliyo karibu na uwanja wa ndege ingegeuka kikundi cha kupokea wageni kabla muhula haujaisha. Sheria ya kuianzisha iseme wazi kwamba wanafunzi hawatolewi darasani kwa shughuli za serikali. Itavunjwa, naam, lakini angalau mkuu wa shule atakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Mtu ataniambia Diamond Platnumz katoka Tandale bila akademia, na Bongo Fleva imevuka mipaka bila kuomba ruhusa ya mtu. Ni kweli, na akademia haitazalisha nyota, nyota hujizalisha. Itazalisha wapigaji wanaomsindikiza nyota jukwaani, watunzi wa muziki wa filamu, mafundi wa ala na walimu wa kizazi kinachofuata. Wote hao leo tunawapata kwa bahati. Kenya imeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari yake ya juu, na sisi tangu 2024 tuna mkondo wa amali ambamo sanaa bunifu imo. Mlango wa kisera umeshafunguliwa. Inatosha kuchukua shule moja iliyopo Bagamoyo au Dodoma, kuiongezea bweni na darasa la watoto thelathini kwa mwaka, wakianza wadogo.

Bajeti za wizara husomwa bungeni kila mwaka kati ya Aprili na Juni. Mbunge anayelitakia wazo hili mema asiulize shule itajengwa wapi. Aulize chakula, nyuzi na mshahara wa mwalimu asiye na cheti vimewekwa kwenye kifungu gani cha matumizi ya kawaida. Akiambiwa mfadhili anatafutwa, makofi yake ayaweke mfukoni.