Lozi: Jinsi Zinavyomea, na Kama ni Salama Kuliwa

Katika maduka ya Mombasa, Lamu na Nairobi lozi huuzwa kwa kupimwa kidogo kidogo, maana bei yake si ya kila mtu. Hutiwa katika haluwa, husagwa na kuchanganywa na maziwa, na wakati wa Ramadhani na Idi wanunuzi huzidi. Lakini wengi wanaozila hawajapata kuuona mti wenyewe, na labda hiyo ndiyo sababu maneno mengi yamesemwa juu yake. Wako wasemao kwamba ndani ya lozi mna sumu. Wako wajibuo kwamba huo ni upuzi mtupu. Ukweli ni kwamba lozi ziko za namna mbili, na mzazi asiyejua tofauti yake aweza kumtia mtoto wake hatarini.

Mti wa lozi huitwa mlozi, na neno hilohilo katika Kiswahili ni jina la mchawi. Maneno hayo hayana udugu wowote: lozi imetoka katika Kiarabu, na yule mwingine ametoka katika kuloga. Hata hivyo mtu akisikia habari zitakazofuata hapa chini hatakosa kufikiri kwamba jina limeupata mti wake.

Tena haifai kuuchanganya mlozi na mkungu. Mkungu ni ule mti mkubwa wa kivuli uonekanao sana karibu na bahari kutoka Lamu hadi Unguja, wenye matawi yaliyotandazwa kama madari ya nyumba, na majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Asili yake ni Asia, na wengine huuita mlozi wa Kihindi, kwa sababu kokwa yake ikipasuliwa kwa jiwe hutoa kiini kitamu chenye ladha ya lozi. Watoto wa pwani wanajua kazi hiyo tangu zamani, na kiini hicho hakina madhara. Lakini ni mti wa ukoo mwingine kabisa.

Mlozi wa kweli ni ndugu wa mpichi, mplamu na mtofaa. Mtu aliyeona pichi changa katika bustani za Limuru au Kinangop ameona kitu kinachofanana sana na tunda la mlozi: dogo, la kijani, lenye manyoya mafupi laini. Tofauti huonekana baadaye. Pichi hunenepa nyama yake ikaliwa, na kokwa ikatupwa. Nyama ya tunda la mlozi haina faida kwa mlaji, nayo hukauka ikawa ngumu kama ngozi, hata ikapasuka yenyewe na kuionyesha kokwa iliyo ndani. Kokwa hiyo ikivunjwa ndipo hupatikana ile mbegu ya rangi ya hudhurungi inayoitwa lozi.

Asili ya mlozi ni nchi za magharibi na katikati ya Asia, na wanadamu wameupanda tangu kale sana. Lozi zilionekana katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyekufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba fimbo ya Haruni ilichanua na kuzaa lozi. Mti huu ni wa kwanza kuchanua katika nchi hizo baridi inapokaribia kwisha. Maua yake meupe au ya waridi hutoka kabla hata jani moja halijaonekana. Tabia hiyo ni nzuri kwa macho, lakini ni taabu kwa mkulima, kwa maana usiku mmoja wa jalidi waweza kuunguza maua yote na mavuno ya mwaka yakapotea.

Mlozi unataka baridi ya miezi kadha ili ulale na kupumzika, kisha kiangazi kirefu kisicho na mvua ili matunda yakauke vizuri. Ndiyo sababu pwani yetu haiufai. Penye unyevu mwingi matunda huoza na magonjwa ya ukungu huushika mti. Hispania, Moroko, Italia, Uturuki, Iran na Australia zote hulima lozi, lakini California katika Marekani, ambako mbegu zilipelekwa na wamisionari wa Kihispania katika karne ya 18, ndiyo inayozishinda nchi zote: hutoa yapata robo tatu ya lozi zote za dunia au zaidi. Na huko kazi ya kwanza hufanywa na nyuki. Milozi mingi haiwezi kujirutubisha. Sharti chavua ya aina moja ipelekwe kwenye maua ya aina nyingine. Basi kila Februari mizinga ya nyuki yapata milioni mbili hupakiwa katika malori na kupelekwa California, mingine ikitoka mbali kama Florida, ili ikae mashambani kwa wiki chache za maua. Mwezi wa Agosti mashine huushika mti kwa shina na kuutikisa mara moja kwa nguvu, lozi zikaanguka chini kama mvua ya mawe. Huachwa juani siku kadha, kisha hufagiwa na kukusanywa.

Sasa habari ya sumu. Milozi ya mwituni huzaa lozi chungu, na uchungu huo ni silaha ya mti dhidi ya wanyama na wadudu. Ndani ya mbegu mna kitu kiitwacho amigdalini. Mbegu ikiwa nzima kitu hicho kimekaa kimya. Ikitafunwa au kusagwa na kupata maji, huvunjika na kutoa sianidi, ambayo ni sumu kali, pamoja na ile harufu nzuri ambayo watu wengi huiita harufu ya lozi. Sianidi huzizuia chembe za mwili zisitumie hewa safi iliyoletwa na damu. Mtu huvuta pumzi, mapafu yake ni mazima, na huku mwili unakosa hewa.

Wakulima wa zamani waliokota milozi michache ambayo, kwa badiliko dogo la urithi, haikuwa na uchungu, wakaipanda hiyo. Mwaka 2019 wataalamu waliosoma urithi wa mlozi walieleza ni badiliko gani hasa lililouzima ule uchungu. Lozi tamu zinazouzwa madukani ni uzao wa miti hiyo. Amigdalini iliyomo ndani yake ni kidogo mno, hata mtu mzima au mtoto akizila kwa kiasi cha kawaida hapati madhara. Utamu au uchungu hutoka kwa mti mama, wala chavua ya mti wa jirani haiwezi kuubadili. Kwa hiyo mti mmoja huzaa lozi zote tamu au zote chungu. Lakini mti mtamu waweza kuuficha uchungu katika urithi wake, na mbegu zake zikipandwa huenda mmojawapo wa miche ukazaa chungu. Kwa sababu hiyo wakulima hawapandi mbegu tu, bali hupandikiza tawi la mti wanaoujua juu ya shina jingine.

Lozi chungu hutambulikana kwa ulimi papo hapo. Mtu akiuma moja yenye uchungu mkali, na aiteme asukutue mdomo, wala asiimeze kwa kuona haya au kwa sababu amelipa fedha. Kwa mtu mzima chungu moja iliyopotea katika mfuko si neno kubwa. Kwa mtoto mdogo hesabu ni nyingine: lozi chungu zisizozidi 10 zinatosha kumwua.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni, maana wanalo nyumbani. Muhogo mchungu una sumu hiyohiyo iliyofichwa kwa njia kama ile, na bibi zetu walijua kuumenya, kuuloweka, kuukausha na kuutwanga hata sumu ikatoka. Pale njaa ilipowafanya watu kuiharakisha kazi hiyo, palitokea ugonjwa wa miguu kupooza uitwao konzo, ulioandikwa habari zake katika Kongo mwaka 1938 na ambao baadaye umeonekana katika Msumbiji na Tanzania pia. Mwili waweza kuiondoa sianidi kidogo kwa msaada wa vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, nyama na maharagwe. Asiyevipata huumia upesi zaidi.

Hatari ile imo pia katika viini vya kokwa za pichi na aprikoti. Hapa pana udanganyifu unaofaa kutajwa. Wako wafanyao biashara ya viini vya aprikoti, au vidonge vya amigdalini, wakiviita vitamini na kudai vinaponya saratani. Si vitamini hata kidogo. Katika Marekani dawa hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 178, na matokeo yakatolewa mwaka 1982: haikumponya hata mmoja, na baadhi yao walionyesha dalili za sianidi katika damu. Mgonjwa mwenye fedha chache asizipoteze huko.

Mtoto aliyekula mbegu za namna hii, akaumwa kichwa, akaona kizunguzungu, akatapika au akahema upesi, apelekwe hospitali mara moja, pasipo kungoja aone nafuu, wala asilazimishwe kutapika. Mbegu zilizosalia zichukuliwe ili daktari azione. Afadhali wazazi wajue kwamba nchini mwetu mbono kaburi na mbarika ndizo zinazowadanganya watoto mara nyingi zaidi kuliko lozi, kwa kuwa mbegu zake ziko karibu na nyumba na zinafanana na njugu. Sumu zake ni nyingine, lakini mwendo wa kwenda hospitali ni uleule.

Hata lozi tamu zina masharti yake. Wapo watu wachache ambao miili yao hukataa lozi, wakavimba midomo na kubanwa na pumzi. Hao wasizionje kabisa. Mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe nzima, kwa maana humsakama kooni; asagiwe. Baada ya watu kuugua kwa vijidudu vya salmonela vilivyokuwa katika lozi mbichi, mwaka 2001 na tena 2004, serikali ya Marekani iliagiza kwamba tangu Septemba 2007 lozi za California zinazouzwa nchini humo zitiwe joto au dawa ya kuviua. Tena kuna kuvu. Watu wa Makueni na Kitui hawajasahau mwaka 2004, wakati mahindi yenye sumu ya kuvu yalipoua watu 125. Kuvu hiyo hupenda lozi pia zikihifadhiwa penye unyevu.

Basi mnunuzi na azitazame kabla ya kulipa. Lozi njema ni ngumu, ikivunjwa hulia, na ndani ni nyeupe kama maziwa. Iliyonyauka, yenye vumbi la kijani, au inukayo mafuta ya zamani, na arudishiwe mwenye duka. Nyumbani zitiwe katika chupa kavu yenye kifuniko, mahali pa baridi, na kiganja kimoja kwa siku, yaani lozi kama 20, kinamtosha mtu mzima.