Kupima maji kwa redio: yajue haya kabla kikundi hakijatoa hela

Vikundi vya mpunga huku Kihagara na mwambao wa Nyasa vimeanza kuulizia vifaa vya kupima kina cha maji mtoni na unyevu wa udongo, vile vinavyotuma taarifa vyenyewe. Ni vifaa vizuri. Ila hela ya kikundi ni michango ya watu, na ikishalipwa hairudi, kwa hiyo tuelewane kwanza.

Mfumo wenyewe uko hivi: kihisi kinapima, redio ndogo inatuma namba, halafu kipokezi kikuu (wauzaji wanakiita getiwei) kinakusanya namba zote na kuzipeleka kwenye simu zenu kwa laini moja tu. Nyingi ya redio hizi ni za aina ya LoRa. Zinatuma taarifa kidogo na polepole, ndiyo maana betri inadumu. Usitegemee picha.

Sasa, neno "masafa" linatuchanganya. Kuna masafa ya umbali na kuna masafa ya mawimbi yanayopimwa kwa megahezi. Muuzaji akisema "masafa yake ni makubwa", mwulize ni yapi. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia megahezi 915, cha Ulaya 868, na viwili hivyo havisikilizani. Hapa nchini masafa ya redio yanasimamiwa na TCRA, basi muuzaji aoneshe kwamba kifaa chake kinaruhusiwa.

Nguvu ya mawimbi inasomwa kwa namba hasi. Ifikirie kama deni: hasi 120 ni hali mbaya kuliko hasi 70. Tofauti ya 3 tu maana yake nguvu imepungua nusu.

Jambo kubwa kwetu ni kuonana. Kwenye boksi wameandika kilomita 10 au 15, lakini hizo ni za mahali peupe. Huku ziwa liko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo nyuma yetu inapita mita 1,500. Kihisi kikiwa bondeni nyuma ya kilima, hata kilomita moja inashinda.

Na kuonana kwa macho peke yake hakutoshi. Mawimbi hayapiti kama uzi, yanatanuka katikati kama yai. Kwa megahezi 868 na umbali wa kilomita 2, katikati ya njia yai hilo lina mita 13 kwenda juu na mita 13 kwenda chini. Angalau mita 8 kila upande ziwe wazi, bila mwembe wala paa. Kwa hiyo kipokezi msikiweke kwa mwenyekiti eti kwa sababu kwake kuna umeme. Kiwekeni kwenye mteremko unaoona mto na mashamba, na umeme utoke kwenye sola. Pakikosekana mahali pa kuona pote, ongezeni ripita mgongoni mwa kilima.

Jaribuni wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, majani yakiwa mengi na yamelowa. Mtandao unaopita Septemba unaweza kukatika Februari. Na sola ipigiwe hesabu ya siku za mawingu hizo hizo.

Waya wa antena uwe mfupi, maana ukirefuka unameza nguvu. Nguzo iwe na waya wa kuzuia radi unaoshuka hadi ardhini. Hili halina mjadala.

Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aje na redio mbili za majaribio, mtembee naye kila sehemu itakayofungwa kihisi, na katibu aandike namba iliyosomeka. Akikataa kuja, tafuteni mwingine. Hizo kumbukumbu za kina cha maji mtakazopata baadaye zitawasaidia pia mkiongea na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa kuhusu kibali cha kutumia maji. Wenye ramani ya shamba, hata ya kuchora kwa mkono, njooni nayo ofisini tuipitie.